Kuziba matundu ya wpa_supplicant na hostapd: hatua kwa hatua, hadi uhakikishe pachi imeingia kweli

Watu wakisikia waifai imekutwa na tundu la usalama wengi wanakimbilia kubadilisha paswedi. Kwa matundu mengi makubwa ya miaka hii hiyo haisaidii kitu. Tundu la KRACK la Oktoba 2017 halikuhitaji paswedi yako, la Kr00k la 2020 halikuhitaji, na lile la PEAP (njia ya kuingia waifai kwa jina la mtumiaji na paswedi) lililotangazwa Februari 2024 ndo kabisa, mshambuliaji anapita pembeni ya paswedi wala haigusi. Kinachoponya ni pachi (kiraka cha msimbo kinachoziba tundu), na iingie sehemu inayohusika, na programu iliyo kwenye memori iwe ndo hiyo mpya, sio ile ya zamani ambayo imekaa hapo tangu uwashe mashine mwezi uliopita. Hicho cha mwisho ndo watu wanakisahau sana kwa iyo nitakirudia bila aibu.

Hii ni kwa ajili ya mwenye Linux kwenye laptopu au seva, mwenye rauta ya OpenWrt (mfumo huria wa rauta), au we ndo yule fundi unayeitwa kila waifai ya hosteli, shule au ofisi ikisumbua. Uwe unajua kufungua teminali na uwe na sudo. Basi.

Hatua ya 1: jua tundu liko safu gani

Usianze kuapdeti ovyo. Enkripsheni ya waifai haikai sehemu moja, imegawanyika na kila safu ina apdeti zake.

Safu ya juu ni programu inayofanya mazungumzo ya funguo. Upande wa mteja (laptopu, simu) kwenye Linux na Android ni wpa_supplicant, upande wa anayerusha waifai ni hostapd. Zote mbili anazitunza Jouni Malinen wa Finland na wenzake, zinatoka kwenye msimbo mmoja, na kwenye OpenWrt zimeunganishwa zikawa kifurushi kimoja kinaitwa wpad. Ndo maana tundu moja hapo linagusa simu, laptopu, na rauta kwa mpigo.

Safu ya kati ni keneli (kiini cha Linux) na draiva. FragAttacks za Mei 2021 (CVE ni namba rasmi ya tundu, na hizi ni CVE-2020-24586, 24587 na 24588 na ndugu zake) zilihusu jinsi vipande vya fremu vinavyounganishwa, kwa Linux dawa ilikuwa kwenye mac80211 (sehemu ya keneli inayoshughulikia waifai) na madraiva, yaani ungeapdeti wpa_supplicant mara mia na bado uko wazi.

Safu ya chini ni fimuwea, yaani programu iliyo ndani ya chipu yenyewe. Kr00k, CVE-2019-15126, iliyotangazwa na ESET Februari 2020, ilikuwa kwenye chipu za Broadcom na Cypress: kifaa kikikatwa kwenye mtandao chipu inafuta ufunguo kuwa sifuri tupu, halafu data iliyobaki kwenye foleni inarushwa hewani ikiwa imefungwa na hizo sifuri. Hapo hakuna cha kufanya zaidi ya kupata fimuwea mpya kutoka kwa aliyetengeneza kifaa.

KRACK yenyewe ilikaa safu ya juu na inafaa kuielewa maana inaonyesha kosa dogo linavyozaa balaa. Kifaa kikiunganishwa kuna mazungumzo ya ujumbe 4. Ujumbe wa 3 ukifika mteja anaweka ufunguo. Ujumbe unaweza kupotea hewani, kwa hiyo rauta inaruhusiwa kuurudia. Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa KU Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba mshambuliaji akiurudisha makusudi, mteja anauweka tena ufunguo uleule na kaunta zake zinaanza upya, na ukitumia kaunta ileile mara mbili enkripsheni inavuja. Kwenye wpa_supplicant 2.4 na kuendelea ikawa mbaya kuliko kote, sababu programu ilikuwa imeshaufuta ufunguo kwenye memori baada ya kuuweka mara ya kwanza (jambo zuri kwa kawaida!), sasa ikiambiwa weka tena inaweka sifuri. Android 6.0 ikaangukia humohumo.

Kwa iyo ukiona CVE yoyote mpya, kabla ya kugusa kitu jiulize: hii ni ya programu, ya keneli, au ya fimuwea? Na je iko kwa mteja au kwa rauta? Kwenye KRACK karibu zote zilikuwa za upande wa mteja, CVE-2017-13082 ndo iliyogusa rauta yenyewe, tena ile yenye 802.11r (kuhama haraka kutoka rauta moja kwenda nyingine). Watu wengi waliapdeti rauta wakalala usingizi na simu zao ziko wazi vilevile.

Hatua ya 2: angalia una nini, na usiamini namba ya vesheni

Anza hivi:

```
wpa_supplicant -v
hostapd -v
uname -r
ethtool -i wlan0
```

Hiyo ya mwisho inakupa jina la draiva na vesheni ya fimuwea. Kama kadi yako haiitwi wlan0, angalia jina lake kwa `ip link`, siku hizi ni vitu kama wlp2s0.

Sasa hapa ndo pana mtego. KRACK ilizibwa rasmi kwenye wpa_supplicant 2.7 iliyotoka Desemba 2018, sasa mtu anaona mashine yake ya Debian ya enzi hizo inasema 2.4 anapiga kelele eti haina pachi. Kumbe Debian walishaiweka siku ileile ya tangazo, Oktoba 16, 2017, ila hawakubadilisha vesheni, walichukua pachi peke yake wakaiingiza kwenye 2.4. Ndo tabia ya Debian, Ubuntu, Red Hat, wote. Na kinyume chake kipo pia: unaweza kuwa na 2.10 ambayo ni mpya kabisa kwa sura lakini haina pachi ya 2024.

Cha kuangalia ni mkia wa jina la kifurushi na orodha yake ya mabadiliko. Debian na Ubuntu:

```
apt policy wpasupplicant
zcat /usr/share/doc/wpasupplicant/changelog.Debian.gz | grep CVE
```

Fedora, Rocky na familia hiyo:

```
rpm -q --changelog wpa_supplicant | grep CVE
```

Debian 12 kwa mfano ina 2.10, na mkia wa +deb12u ndo unaokwambia imeshapewa pachi ngapi baada ya kutoka. Ukiona namba ya CVE unayoitafuta imetajwa kwenye orodha, imezibwa. Usipoiona, nenda kwenye ukurasa wa usalama wa distro yako (Debian, Fedora au ipi unayotumia) utafute hiyo CVE, wanaandika wazi kifurushi kipi kimepona na kipi bado. Upande wa wenye programu, taarifa zote zinawekwa w1.fi/security, kila tundu na folda yake, na pachi zenyewe zimo humo. Usichukue pachi kwenye kablogi ka mtu.

Hatua ya 3: apdeti, halafu ristati, halafu HAKIKISHA umeristati

```
sudo apt update
sudo apt install --only-upgrade wpasupplicant hostapd
sudo apt upgrade
```

Ya tatu ni kwa ajili ya keneli na fimuwea. Walio kwenye Debian 12 waliopanda kutoka 11 wasikilize hapa: fimuwea zilihamishwa kutoka non-free kwenda sehemu mpya inayoitwa non-free-firmware. Kama hukuiongeza kwenye sources.list, apt itakuambia kila kitu kiko sawa, hakuna cha kuapdeti, na fimuwea yako ya iwlwifi imeganda pale ulipopandia. Haitoi eroo, sanasana `apt update` inatoa notisi ndogo inayoanza na N: ambayo ni rahisi kuipita. Fungua faili uangalie.

Sasa ristati. Kuweka kifurushi kipya kunabadilisha faili kwenye diski, lakini programu iliyokuwa imeshapakiwa kwenye memori inaendelea na msimbo wake wa zamani mpaka uizime. Ni kama umenunua kufuli jipya ukaliweka mezani, mlangoni bado linaning'inia lile bovu. Na wpa_supplicant ni programu ambayo apt mara nyingi haiigusi yenyewe, sababu ikikata waifai katikati ya apdeti unaweza kujikuta umejifungia nje.

Angalia hivi:

```
sudo ls -l /proc/$(pidof wpa_supplicant)/exe
```

Mstari ukiishia na neno `(deleted)` maana yake inayofanya kazi ni ile ya zamani ambayo faili lake halipo tena. Angalia na maktaba zake pia, maana wpa_supplicant inategemea OpenSSL, na pachi ya OpenSSL nayo haiingii mpaka uristati:

```
sudo lsof -p $(pidof wpa_supplicant) | grep -E 'DEL|deleted'
```

Ikitoa kitu chochote cha libssl au libcrypto, ristati:

```
sudo systemctl restart wpa_supplicant NetworkManager
```

Kama uko mbali na unaingia kwa ssh kupitia waifai hiyohiyo, komandi moja kama hapo juu ni salama kuliko kusimamisha kwanza halafu uwashe baadaye, maana hiyo baadaye hutaipata. Waya ni bora zaidi kama upo. Keneli ikiwa imebadilika zima mashine yote uwashe, hakuna njia ya mkato, `uname -r` ndo itakayokuambia ukweli baada ya kuwaka.

Kwa Ubuntu kuna moja la Agosti 2024, CVE-2024-5290, halihusu hewani ila mtu aliye ndani ya mashine: aliyemo kwenye kundi la netdev angeweza kuiambia wpa_supplicant ipakie faili lake mwenyewe na akawa root. Kwenye laptopu yako ya peke yako sio shida kubwa. Kwenye maabara ya chuo ambapo wanafunzi 40 wana akaunti, ni shida. Angalia nani wamo:

```
getent group netdev
```

Hatua ya 4: PEAP, hapa pachi peke yake haitoshi

Hii ni kwa waifai ya jina la mtumiaji na paswedi, sio ile ya paswedi moja ya wote. Maofisi makubwa wanayo, na vyuo vingi kupitia eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo. Kwa Kenya eduroam inaendeshwa na KENET na kwa Uganda na RENU, mwanafunzi akitoka chuo kimoja akienda kingine laptopu inaunganishwa yenyewe. Hilo la kuunganishwa yenyewe ndo raha yake na ndo hatari yake.

Tundu lenyewe ni CVE-2023-52160, walioligundua ni Héloïse Gollier na huyohuyo Mathy Vanhoef. PEAP ina awamu mbili: kwanza laptopu inafungua bomba la TLS (njia iliyofungwa kwa enkripsheni) na seva, halafu ndani ya bomba ndo wanathibitishana kwa paswedi. Kumbe seva ikiruka awamu ya pili na kusema tu "umefaulu", wpa_supplicant ilikuwa inakubali. Kwa iyo mtu anaweka kirauta chake nje ya geti, anakiita jina la mtandao wenu, laptopu yako inaingia yenyewe bila kubofya kitu, na kuanzia hapo intaneti yako inapita mkononi mwake. Hajui paswedi yako na haimsumbui.

Ila kuna sharti moja: linafanya kazi tu kama laptopu yako HAIKAGUI cheti cha seva (kitambulisho chake cha kidijitali). Na ukweli ni kwamba wengi hawakagui, sababu NetworkManager ikiuliza cheti kiko wapi mtu anaweka tiki kwenye kile kisanduku cha kusema hakihitajiki, inaunganisha, maisha yanaendelea. Hata kama pachi imeingia, bila kukagua cheti bado mtu anaweza kuvuna majibu yako ya MSCHAPv2 (yale yanayothibitisha paswedi yako) akaenda kuyavunja taratibu nyumbani kwake. Hiyo ni ya siku nyingi, imekuwepo miaka na miaka kabla ya hii CVE.

Angalia hali yako kwanza:

```
nmcli -f 802-1x connection show "eduroam"
```

Tafuta mistari ya ca-cert na domain-suffix-match. Kama zote zina vistari tu, uko wazi. Omba cheti na jina la seva kwa watu wa IT wa chuo, au tumia kisakinishi cha eduroam CAT cha chuo chako ambacho kinajaza hivyo vyote chenyewe. Ukijaza kwa mkono:

```
nmcli connection modify "eduroam" 802-1x.ca-cert /etc/ssl/certs/chuo-ca.pem
nmcli connection modify "eduroam" 802-1x.domain-suffix-match radius.chuochako.ac.ke
```

Vyote viwili viwepo. Ukiweka cheti cha mamlaka kubwa ya hadharani bila jina la seva, mtu yeyote aliyepata cheti halali kwa domeini yake mwenyewe kutoka mamlaka hiyohiyo anakubalika, yaani umefunga mlango na ufunguo umegawa kwa mtaa mzima.

Kwa wanaoandika wpa_supplicant.conf wenyewe, mfano wa Raspberry Pi iliyoko kona ya maabara:

```
network={
    ssid="eduroam"
    key_mgmt=WPA-EAP
    eap=PEAP
    identity="jina@chuochako.ac.ke"
    password="..."
    ca_cert="/etc/ssl/certs/chuo-ca.pem"
    domain_suffix_match="radius.chuochako.ac.ke"
    phase1="phase2_auth=2"
    phase2="auth=MSCHAPV2"
}
```

Ule mstari wa phase1 umekuja na pachi yenyewe. 0 ni tabia ya zamani ya kutolazimisha awamu ya pili, 1 ndo chaguo-msingi, inalazimisha isipokuwa pale ulipotumia cheti cha mteja au kikao cha TLS kilichoendelezwa, na 2 inalazimisha kila mara. Weka 2, na kama seva ya chuo ikigoma rudi 1. Ukikuta mtu kaandika 0 ili "ikubali", ifute.

Halafu pima kama kweli inakagua, na hii ni rahisi mno lakini sijui kwa nini watu hawaifanyi: haribu jina la seva makusudi. Badilisha domain-suffix-match iwe kitu cha uongo, jaribu kuunganisha huku ukiangalia

```
journalctl -u wpa_supplicant -f
```

Inatakiwa ikatae na utaona CTRL-EVENT-EAP-TLS-CERT-ERROR. Ikiunganisha bila wasiwasi basi haikagui chochote, tafuta kwa nini, labda umehariri profaili nyingine yenye jina linalofanana. Ikikataa, rudisha jina la kweli.

Simu za Android: kuanzia apdeti ya Desemba 2020 ya Android 11 Google waliondoa lile chaguo la kutokagua cheti, na Android 13 ikaleta njia ya kuamini cheti cha mara ya kwanza na kukikumbuka. Simu za zamani bado zina hilo chaguo. Ukiwa fundi wa chuo, wenye simu hizo ndo wa kuwafuata kwanza. Wanaotumia iwd badala ya wpa_supplicant wana la kwao, CVE-2023-52161, waende 2.14 au zaidi.

Hatua ya 5: rauta

Ingia OpenWrt kwa ssh:

```
cat /etc/openwrt_release
opkg list-installed | grep -E 'wpad|hostapd'
```

Usizibe kwa `opkg upgrade` ya kifurushi kimojakimoja, wenyewe OpenWrt hawaishauri, inajaza flashi na inaweza kuchanganya vifurushi visivyoelewana. Chukua bekapu, shusha imeji kamili ya modeli yako NA namba yake ya hadwea (v9 na v11 sio kitu kimoja hata kama boksi linafanana), linganisha sha256sum, ndo uweke:

```
sysupgrade -b /tmp/bekapu.tar.gz
sysupgrade -v /tmp/imeji-yako.bin
```

Hiyo bekapu itoe nje kwa scp kabla, ikibaki /tmp inaondoka na umeme. Na umeme wenyewe, kama kwenu unakatika-katika, weka rauta kwenye UPS au powabenki kwa dakika hizo.

Kuna habari mbaya kwa wenye TL-WR841N za zamani na jamii yake yenye flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32, zile zilizojaa kwenye maduka na magesti. OpenWrt 19.07 ndo ya mwisho rasmi kwao, na 19.07 yenyewe iliachwa kutunzwa 2022. Hapo hamna pachi itakayokuja. Nunua nyingine.

Baada ya kuapdeti, setingi. Kwa hostapd ya kawaida kwenye Linux:

```
wpa=2
wpa_key_mgmt=WPA-PSK SAE
rsn_pairwise=CCMP
ieee80211w=1
sae_require_mfp=1
sae_pwe=2
wps_state=0
wpa_disable_eapol_key_retries=1
```

Nieleze zile zinazohitaji maelezo. Enkripsheni iwe CCMP peke yake, ile ya zamani ya TKIP ife, ilishaanza kuvunjwa tangu 2008. SAE ni ya WPA3 (kizazi kipya cha ulinzi wa waifai), na yenyewe ilipata lake la Dragonblood Aprili 2019, kwa iyo hostapd iwe angalau 2.8 au yenye pachi; sae_pwe=2 inaruhusu ile njia mpya ya kubadilisha paswedi kuwa ufunguo isiyovujisha muda, pamoja na ya zamani kwa vifaa ambavyo haviijui, na inataka 2.10. WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN) izimwe bila mjadala: Stefan Viehböck alionyesha Desemba 2011 kwamba ile PIN ya tarakimu 8 inakaguliwa nusu kwa nusu na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo badala ya milioni 100 za kujaribu unabaki na 11,000.

Mstari wa mwisho ni wa KRACK na mimi naupenda sana, maana ndo msaada pekee rauta inayoweza kuwapa wateja ambao hawatapata pachi milele. Unaizuia rauta isirudie ujumbe wa 3, na rauta isipourudia yenyewe hakuna cha mshambuliaji kurudia. Gharama yake ni kwamba simu iliyo mbali au inayosinzia kubana betri inaweza kushindwa kuunganisha, ikabidi ijaribu upya. Kwenye nyumba sioni shida, kwenye ukumbi wenye watu 200 pima kwanza. OpenWrt:

```
uci set wireless.default_radio0.encryption='sae-mixed'
uci set wireless.default_radio0.ieee80211w='1'
uci set wireless.default_radio0.wpa_disable_eapol_key_retries='1'
uci commit wireless
wifi reload
```

Kama una redio mbili rudia kwa default_radio1, watu wanaziba 5 GHz wanaiacha 2.4.

Wenye MikroTik, zile za hotispoti za vocha: KRACK ilizibwa kwenye RouterOS 6.39.3 na 6.40.4, kwa iyo kama bado uko chini ya hapo sijui niseme nini. `/system package update check-for-updates` inaangalia tu, `/system package update install` ndo inaweka, kisha kumbuka na `/system routerboard upgrade`, ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 6: kama distro yako haina pachi

Fika hapa ukiwa huna namna tu. Shusha msimbo rasmi:

```
sudo apt install build-essential pkg-config libnl-3-dev libnl-genl-3-dev libssl-dev libdbus-1-dev
wget https://w1.fi/releases/wpa_supplicant-2.11.tar.gz
tar xzf wpa_supplicant-2.11.tar.gz
cd wpa_supplicant-2.11/wpa_supplicant
cp defconfig .config
make
sudo make install
```

Kabla ya `make`, kwenye .config hakikisha CONFIG_CTRL_IFACE_DBUS_NEW=y ipo bila alama ya reli (#) mbele, la sivyo NetworkManager haitaiona. Sasa mtego wake: inajiweka /usr/local/sbin, na huduma ya systemd inaendelea kuita ile ya zamani ya /sbin au /usr/sbin. Unaandika `wpa_supplicant -v` inakujibu 2.11, unafurahi, na inayolinda waifai yako ni ya zamani. Angalia `systemctl cat wpa_supplicant`, nakili ule mstari wa ExecStart, kisha `sudo systemctl edit wpa_supplicant`, weka chini ya [Service] ExecStart= tupu kwanza halafu uliounakili ukiwa umebadilisha njia tu. Ristati, rudia ile ya /proc ya hatua ya 3. Na kuanzia siku hiyo apt haikutunzi tena kwa kitu hiki, apdeti zote ni juu yako.

Hatua ya 7: pima

Kwanza hali ya muunganiko:

```
sudo wpa_cli -i wlan0 status
```

Angalia pairwise_cipher na group_cipher zote ziwe CCMP (au GCMP kwa mitambo mipya). Ukiona group_cipher=TKIP maana yake rauta bado iko kwenye hali ya mchanganyiko na matangazo yote ya mtandao yanapita kwa TKIP, hata kama yako binafsi yako sawa. key_mgmt ikisema SAE ndo WPA3.

Kupima KRACK yenyewe, Vanhoef ameweka skripti zake GitHub, krackattacks-scripts. Mashine yako inajifanya rauta inayoitwa testnetwork, paswedi abcdefgh, unaunganisha simu unayotaka kuipima, na krack-test-client.py inakuambia kama simu inaweka ufunguo tena au la. Endesha ile disable-hwcrypto.sh kwanza uwashe upya, bila hiyo majibu hayaeleweki. Vifaa vyako au ulivyopewa ruhusa TU, tena ya maandishi kama ni kazini. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana yao ya 2018, na "nilikuwa napima" sio utetezi.

Vitakavyofeli utavipata, TV, printa, kamera za bei chee, kamashine ka kusoma mita. Hivyo vipe mtandao wao peke yao: SSID (jina la waifai) nyingine kwenye rauta hiyohiyo, paswedi tofauti, kwenye OpenWrt weka `isolate='1'` ili visionane, na kwenye faya woli viruhusu kwenda nje tu, visiweze kugusa upande wa laptopu. Printa ikihitajika na wote ichomeke waya.